Mayai sita kwa siku, na kitambi hakipungui

SWALI: Daktari, nina miaka 38, ni dereva, na jioni nafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma. Nakula mayai sita kwa siku nipate misuli: mawili ya kuchemsha asubuhi, manne kwenye chipsi mayai usiku. Mke wangu anasema lehemu itaniziba mishipa. Kitambi nacho kipo palepale. Niache mayai? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Usiyaache. Yapunguze, na hasa hayo manne ya usiku yatoe kwenye kikaango.

Lehemu, au kolesteroli, iliyomo kwenye damu yako sehemu kubwa hutengenezwa na ini lako mwenyewe. Ukiila kwenye chakula, ini la watu wengi hupunguza kuitengeneza. Yai moja lina takriban miligramu 190, zote kwenye kiini, lakini kwa wengi halipandishi kipimo kwa kiasi kinachohofiwa. Mwongozo wa lishe wa serikali ya Marekani wa 2015 uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku, ingawa haukuruhusu watu wale bila kujali.

Kinachopandisha zaidi LDL, ile lehemu mbaya, ni mafuta yanayoganda: samli, siagi, nyama nono, mafuta ya nazi. Mawese nayo yamo; karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo, na ndiyo yanayojaza makarai mengi ya chipsi. Yai lina gramu moja na nusu hivi tu za mafuta hayo.

Sasa kitambi. Mayai manne ya kuchemsha yana kalori kama 300 na yanashibisha. Lakini kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120. Sahani yako ina viazi vilivyokwishazama kwenye mafuta, kisha vikamiminiwa mayai na kukaangwa tena, na pengine soda pembeni. Unakula hayo usiku, baada ya kukaa kwenye usukani mchana kutwa. Kitambi kinatoka hapo, kwenye jumla ya unachokula kuzidi unachotumia.

Hata hivyo mkeo hajakosea. Viini sita ni zaidi ya miligramu 1,100 kila siku, na wapo watu ambao miili yao haijirekebishi vizuri. Kwao LDL hupanda kweli. Huwezi kujua kwa kujitazama kwenye kioo. Nenda kapime mafuta kwenye damu, uulize LDL, HDL na trigliseridi, upime pia sukari na presha. Kama una kisukari, au baba au kaka yako alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mwambie daktari atakayekuona. Watafiti bado wanabishana kuhusu mayai kwa wenye kisukari, kwa hiyo mimi ningewashauri wale machache.

Ukiwa mzima, yai moja zima kwa siku linatosha. Ukitaka protini zaidi kwa ajili ya misuli, ongeza ute, ambao hauna lehemu, au kula maharage, dagaa, samaki. Badili sahani ya usiku kwa miezi mitatu, kisha rudia kipimo.

Na tafadhali, usiwapunguzie watoto mayai kwa hofu hii. Wao bado wanakua, na yai ni katika vyakula bora unavyoweza kuwapa.