SOMO LA MWEZI: KOMPYUTA MBOVU TUZIFANYE NINI?



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja aliuliza: kompyuta mbovu na betri za sola zilizojaa ghalani, kwa nini tusizitie moto tukapata nafasi ya magunia ya karafuu? Swali lake ni la haki, na jawabu tumeona tulilete hapa kwa wote.

Kwanza, tujue kilichomo ndani. Skrini za zamani zenye kioo kinene zina madini ya risasi, na betri kubwa nyingi za sola zina risasi na tindikali. Risasi hudhuru akili za watoto, wala haitoki ardhini upesi. Waya ukichomwa ili itolewe shaba, ganda lake hutoa moshi wa sumu. Moshi huo hutua kisimani, na hutua juu ya majamvi tunayoanikia karafuu.

Pili, sheria. Tuwatazame wenzetu wa Kimwani, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, wakulima wa kahawa na ndizi. Wao wamo chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 na Kanuni za taka za umeme na elektroniki za 2021. Kanuni zataka taka hizi zitengwe na nyingine, na mwenye kuzikusanya au kuzisafirisha awe na kibali. Lakini kutoka Kimwani hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kompyuta moja hailipi nauli yake. Mtu peke yake hawezi; wengi wakikusanya pamoja huweza.

Ama sisi wa visiwani, tusidhani kanuni zile ndizo zetu. Mazingira si jambo la Muungano. Tunayo Sheria yetu ya 2015 na Mamlaka yetu ya Mazingira, na huko ndiko pa kuuliza.

Basi tunashauri haya:

1. Mtu asichome wala asivunje skrini au betri.
2. Kila kibovu kiletwe ghalani kiandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.
3. Mnunuzi wa vyuma chakavu asiye na kibali asiuziwe.
4. Tukipewa kompyuta kuukuu za msaada, zijaribiwe kabla ya kupokewa.

Mwenye shauri bora kuliko haya na alilete mkutanoni, tutalipokea kwa shukrani.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama