Mwezi wa Siku ya Tano: Kutumia Darubini Ndogo Uani Ifakara

Wageni wakifika uani kwangu huuliza kwanza, "Hii inakuza mara ngapi?" Swali lenye faida zaidi ni hili: leo mwezi una siku ngapi? Darubini yangu ina lenzi ya mbele ya milimita 70 tu, na kwa Mwezi inatosha. Utakachoona kinategemea siku na saa uliyochagua.

Hesabu tangu mwezi uandame

Wengi huitoa darubini usiku wa mwezi mpevu. Usiku huo jua linaupiga Mwezi usoni moja kwa moja, vivuli vinatoweka, na kinachobaki ni weupe wa kuumiza jicho. Milima na mashimo hujitokeza kwenye mpaka wa mwanga na giza, ambako jua ndiyo kwanza linachomoza na vivuli ni virefu. Kwa hiyo jipange kati ya siku ya tatu na ya kumi.

Siku ya tano au ya sita naitafuta kasoko ya Theophilus. Upana wake ni kama kilomita 100, unakaribia safari ya Ifakara hadi Mikumi. Ukiiwahi, utakuta sakafu yake bado ni giza totoro ilhali kilele cha katikati kimeshapata jua: nukta moja nyeupe ndani ya shimo jeusi. Tazama tena baada ya saa moja au mbili, nukta ile itakuwa imetanuka. Kaskazini yake iko Bahari ya Utulivu, walikotua wanaanga wa Apollo 11 Julai 1969. Bendera usiitafute, kwa darubini hii, kitu chenye upana wa chini ya kilomita 3 hivi hakionekani. Siku ya saba au ya nane hamia kwenye safu ya milima ya Apenini, na siku ya tisa au ya kumi kwenye kasoko ya Copernicus.

Saa na mahali pa kusimama

Huku kwetu karibu na ikweta, mwezi wa siku ya saba huwa karibu utosini jua linapozama. Bomba la darubini linagonga miguu ya stendi, nawe unabaki umepiga magoti. Subiri hadi saa tatu usiku, Mwezi utakuwa umeteremka magharibi. Wakati huo hata mabati yameanza kupoa. Joto linalopanda kutoka kwenye paa au sakafu ya saruji huitetemesha picha, kwa hiyo simika stendi kwenye udongo au nyasi, na usitazame kwa kupitia juu ya paa la jirani.

Anza na lenzi ya jicho ya milimita 25. Kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 700 inakuza mara 28, na Mwezi wote unaingia. Ukishapata unachotaka, weka ya milimita 10, upate mara 70. Dunia inazunguka, kwa hiyo kasoko itakukimbia. Sukuma bomba taratibu kila baada ya muda mfupi.

Ramani nyingi huweka kaskazini juu. Jioni ukitazama magharibi kwa macho matupu, kaskazini ya Mwezi iko kulia kwako, na upande unaong'aa uko chini. Kama darubini yako ina kioo cha kupindishia mwanga, kaskazini itahamia kushoto.

Mbu, moshi na unyevu

Bonde la Kilombero lina mbu hasa. Vaa suruali ndefu na soksi. Ukijipaka dawa ya mbu yenye DEET, nawa mikono kabla ya kugusa darubini, maana dawa hiyo huharibu plastiki.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa huugeuza Mwezi kuwa wa manjano. Masika, hifadhi lenzi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. La sivyo zitaota ukungu.

Kama kuna watoto nyumbani, usiiache darubini nje mchana. Kulitazama jua kupitia darubini hupofusha.

Kwa kuanzia, chagua kasoko moja. Ichore kwa penseli, kesho yake ichore tena saa ileile, kisha linganisha vivuli.