Kikundi Kisimamapo Mbele ya Darasa

Katika shule nyingi za Kenya siku hizi si mwalimu peke yake asimamaye mbele ya darasa na kufundisha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufuatwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka wa 2019 na kufika Gredi ya 7 mwaka wa 2023, umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa mambo saba makuu ambayo kila mtoto hupaswa kujifunza. Kwa hiyo mara kwa mara wanafunzi wanne au watano hupewa jambo la kuchunguza, kisha hutakiwa kuja mbele kuwaeleza wenzao waliyoyapata.

Kazi hiyo ikifanywa vyema, huwafaa wasemaji na wasikilizaji pia. Ikifanywa vibaya, ni kipindi kilichopotea.

KOSA LA KAWAIDA

Tuseme kwamba kikundi cha wanafunzi watano kimepewa kueleza habari za mmomonyoko wa udongo. Msichana mmoja mwenye bidii achukua kazi yote, asoma vitabu na kuandika kurasa tatu. Wenzake waleta karatasi ya manila na kalamu, basi. Siku ifikapo, wote watano wasimama mstari mmoja. Msichana asoma karatasi yake tangu mwanzo hata mwisho, na wale wanne wako kimya kama nguzo za ua.

Kisha mwanafunzi aliyeketi nyuma amwuliza kijana wa mwisho katika mstari: "Kwa nini matuta huchimbwa yakiukata mteremko, wala hayafuati mteremko?" Kijana atazama chini, ajibu: "Mwulize yeye."

Hapo wote wamepata hasara. Msichana amebeba mzigo wa watu watano. Wenzake hawakujifunza kitu. Nao wasikilizaji wamesomewa maneno ambayo wangeweza kuyasoma wenyewe. Tena hasara hiyo haionekani siku ile, maana alama hutolewa kwa kikundi kizima. Huonekana siku ya mtihani, kila mtu akiwa na karatasi yake.

KAMBA YA WATU WENGI

Udhaifu huu si wa watoto tu. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mtaalamu wa mashine za kilimo, aliwapa watu kamba wavute, kwanza mmoja mmoja, kisha pamoja, akazipima nguvu zao. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka wa 1913 alionyesha kwamba kadiri watu walivyozidi kuwa wengi, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu kidogo kuliko alipokuwa peke yake. Sababu ni mbili: watu wengi hawavuti kwa wakati mmoja, na kila mtu humtegea mwenzake.

Basi haitoshi kuwaambia wanafunzi, "Shirikianeni." Hapana budi kazi yenyewe ipangwe hivi kwamba asiwepo wa kutegea.

KILA MTU NA KIPANDE CHAKE

Mwaka wa 1971, katika mji wa Austin, Texas, nchini Marekani, watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wameanza kusoma pamoja katika shule zilizokuwa zimetengwa kwa rangi, na mashindano na uadui vilikuwa vingi darasani. Mtaalamu wa saikolojia Elliot Aronson na wenzake waliligawanya somo katika vipande, wakampa kila mtoto kipande kimoja awafundishe wenzake wa kikundi. Hakuna aliyeweza kulijua somo zima bila kumsikiliza kila mwenzake, hata yule aliyemdharau. Na mwishowe kila mmoja alipimwa katika somo lote.

Njia hiyo yafaa sana kwa kikundi chetu cha mmomonyoko. Mmoja aeleze jinsi mvua inavyouchukua udongo usio na mimea. Wa pili aeleze hasara zake shambani na mitoni. Wa tatu aonyeshe jaribio. Wa nne aeleze matuta ya fanya juu, yajulikanayo sana Machakos na Makueni: mkulima huchimba mtaro kuukata mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, ukawa ukingo wa kuzuia maji. Wa tano aeleze kazi ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya nyumbani kwao.

Lakini kugawana kazi si kugawana akili. Baada ya kila mmoja kukitayarisha kipande chake, yafaa awafundishe wenzake wanne mpaka wamwelewe. Kisha wafanye mazoezi wakibadilishana, kila mtu akieleza kipande kisicho chake. Anayekwama ajulikane hapo faraghani, asije akaaibika mbele ya darasa.

MACHO KWANZA, MASIKIO BAADAYE

Wasikilizaji huvutwa na wanachokiona. Kwa jaribio, kikundi chaweza kuchukua visanduku viwili, kimoja chenye udongo mtupu na kingine chenye udongo ulioota majani, na kuviinamisha sawasawa. Kabla ya kumwaga maji, darasa liulizwe: "Maji ya upande gani yatatoka machafu zaidi?" Mtu akiisha kukisia, hataacha kutazama. Ndipo maji yamwagwe kwa kipimo kimoja, na yanayotiririka yakingwe katika chupa mbili. Chupa ya maji mekundu ya udongo hufundisha kuliko kurasa tatu.

Karatasi ya manila iwe na maneno machache, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa ambazo aliyeketi nyuma aweza kuzisoma. Msemaji awatazame watu, asiitazame karatasi wala dari. Aseme polepole, na sauti yake ifike ukutani.

Wakati pia ni wa kulindwa. Darasa la wanafunzi 40 lina vikundi 8 vya watu watano; vikipewa dakika 10 kila kimoja, vyote vitatosha katika vipindi viwili vya dakika 40. Yafaa dakika 7 ziwe za kueleza na 3 za maswali. Anayezidisha dakika zake azila za mwenzake.

KAZI YA MWALIMU NA YA WASIKILIZAJI

Wasikilizaji nao wapewe kazi: kila kikundi kilichoketi kiandike swali moja la kweli. Mwalimu, si kikundi, ndiye amchague wa kujibu, na amchague yeyote. Wanafunzi wakijua hivyo tangu siku ya kwanza, kila mmoja atajifunza habari yote. Alama ziwe mbili: moja ya kikundi, na nyingine ya kila mtu kwa jibu lake.

Hapo yule kijana wa mwisho katika mstari ataweza kujibu kwamba tuta linaloukata mteremko huyazuia maji, yakapata nafasi ya kuzama ardhini badala ya kukimbia na udongo. Huenda siku moja atakuwa na shamba lake penye mteremko. Mvua ikianza kunyesha, hatakuwapo wa kumwambia, "Mwulize yeye."