Sinema ya Salahuddin: Tumefurahi, lakini tumejifunza nini?

Ipo sinema moja ya vita vya kale ambayo vijana wetu hawajaichoka tangu ilipotoka mwezi Mei 2005. Ni Kingdom of Heaven, yaani Ufalme wa Mbinguni, iliyoongozwa na Ridley Scott wa Uingereza. Niliitazama tena hivi karibuni nyumbani kwa dada yangu, Magomeni, nikiwa na wapwa zangu watatu. Ilipokwisha, mdogo wao, aliye darasa la sita na ambaye madrasa hakosi, akaniuliza: "Mjomba, huyu Salahuddin alikuwa mtu wa kweli, au wamemtunga tu?"

Ndugu msomaji, sikumlaumu mtoto. Nilijiuliza sisi wakubwa tulikuwa wapi.

Kwanza tuseme ukweli: sinema ile inavutia, na ina haki ya kuvutia. Wengi wetu tumekua tukitazama sinema za Marekani ambamo Mwarabu ni mtu wa kulipua ndege au kuteka watoto. Hata Salahuddin mwenyewe, Hollywood ilipomwonyesha mwaka 1954, aliigizwa na Mwingereza, Rex Harrison, aliyepakwa rangi usoni. Safari hii nafasi ile alipewa Msyria, Ghassan Massoud, mtu mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na papara. Kisha kumbuka wakati wenyewe. Mwaka 2001 Rais Bush alikuwa ametamka hadharani neno "vita vya msalaba" alipozungumzia mapambano yake, na mwaka 2003 majeshi yake yakaingia Iraq. Miaka miwili baadaye Muislamu anamwona Sultan wake kwenye kioo kikubwa akiwa ndiye mwenye heshima kuliko wote. Nani asingefurahi?

Robert Fisk, mwandishi wa Kiingereza aliyeishi Beirut, alisimulia mwaka huo huo jinsi watazamaji wa mji ule walivyosimama na kupiga makofi pale Salahuddin, akiwa ameingia Baitul Maqdis, anapouona msalaba umeanguka sakafuni, akainama, akauokota na kuurudisha mezani. Hawakupigia makofi upanga. Walishangilia adabu.

Huko Ulaya wapo waliokasirika. Profesa Jonathan Riley-Smith wa Cambridge, bingwa wa historia ya vita hivyo, aliishambulia sinema hii hata kabla haijatoka. Na upande wetu, Khaled Abou El Fadl, mwanasheria wa Kiislamu huko California, alihofu kinyume chake, kwamba ingechochea chuki dhidi ya Waislamu.

Sasa tuje kwenye somo. Salahuddin wa sinema na Salahuddin wa historia si mtu mmoja, na tofauti zao zinakwenda pande zote mbili.

Chukua habari ya Balian. Katika sinema ni mhunzi masikini kutoka Ufaransa. Balian wa kweli alikuwa bwana mkubwa wa huko huko Palestina, mume wa Maria Comnena, binti wa ukoo wa kifalme wa Constantinople. Baada ya Wazungu kushindwa pale Hattin tarehe 4 Julai 1187, Balian alimwomba Salahuddin ruhusa ya kuingia Baitul Maqdis kumtoa mkewe na watoto. Akaruhusiwa kwa sharti la kiapo: alale usiku mmoja tu, na asishike silaha. Alipofika, watu wa mji wakamng'ang'ania abaki awaongoze katika ulinzi. Akamwandikia Sultan kumweleza kwamba ameshindwa kutimiza kiapo. Salahuddin akamfungua kiapo kile, na zaidi ya hapo akatoa askari wa kuisindikiza familia ya Balian salama hadi Tripoli. Huyu ni mtu anayejiandaa kupigana naye! Hadithi hii haimo kabisa kwenye sinema. Sijui mwandishi wa filamu atunge mhunzi kwa ajili gani wakati ukweli ulikuwa umelala hapo unamngoja.

Au lile Kanisa la Kaburi. Baadhi ya washauri walimtaka Sultan alibomoe ili Wazungu wasiwe na sababu ya kurudi. Wengine wakamkumbusha kuwa Umar bin Al-Khattab (r.a.), mji ulipofunguliwa zamani zake, aliliacha. Naye akaliacha.

Lakini upo upande wa pili, na hapa ndipo wapwa zangu waliponuna. Kwenye sinema, mji unaposalimu amri, watu wote wanaondoka salama bila kulipa kitu. Haikuwa hivyo. Mji ulikabidhiwa Ijumaa tarehe 2 Oktoba 1187, sawa na 27 Rajab 583, kwa mapatano ya fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na pungufu ya hapo kwa mtoto, muda ukiwa siku 40. Maskini wapatao 7,000 walikombolewa kwa dinari 30,000 kwa jumla. Al-Adil, nduguye Sultan, aliomba apewe watu 1,000 katika waliobaki, akawaacha huru. Sultan mwenyewe akawaachia wazee. Kiongozi mkuu wa kanisa alilipa dinari zake 10 akatoka na shehena ya mali, huku waumini wake wakikosa cha kulipa. Hata baada ya yote hayo walibaki watu takriban 15,000, wanaume, wanawake na watoto, wakachukuliwa utumwani.

Mpwa wangu mkubwa, aliyeko chuo, alisema: "Mjomba, mambo hayo si ya kusema. Maadui watayatumia." Nikamjibu kwamba maadui wanayo siku nyingi, kwa sababu hesabu hiyo imeandikwa na Imaduddin Al-Isfahani, katibu wa Sultan mwenyewe, wala hakuificha. Mwaka 1099 askari wa Msalaba waliingia mji ule ule wakawachinja wakazi wake. Ukipima kwa kipimo cha zama zile, alichofanya Salahuddin ni jambo kubwa mno. Kijana anayelijua hili lote hatatikisika akikutana na mjuzi wa historia. Aliyejifunza kwenye DVD atatikisika siku ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi ya hesabu. Ridley Scott anampenda mtu mwema ilimradi dini yake isionekane sana. Ndani ya sinema yake karibu kila mwenye kusali sana ni mwovu, mwoga au mwendawazimu, na walio wema ni wale waliopoa. Bahauddin Ibn Shaddad, kadhi aliyeishi na Salahuddin na kuandika maisha yake, anatuambia habari nyingine: kwamba Sultan alipenda mno kusikiliza hadithi za Mtume (s.a.w.), hata aliwahi kusomewa akiwa juu ya farasi, katikati ya majeshi mawili. Msamaha wake haukutokana na kupoa katika dini. Na alipofariki Damascus mwezi Machi 1193, hazina yake binafsi ilikuwa dirham 47 na dinari moja.

Sinema pia inamtoa jangwani akiwa tayari. Haisemi kwamba alitumia miaka mingi kuwaunganisha, mara kwa upanga, Waislamu wa Misri na Sham waliokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Wala haimtaji Nuruddin Zangi, aliyeagiza mimbari itengenezwe Halab kwa ajili ya Msikiti wa Al-Aqsa wakati mji bado uko mikononi mwa Wazungu. Nuruddin alikufa 1174 hajauona ukifunguliwa. Salahuddin ndiye aliyeisafirisha mimbari ile na kuiweka mahali pake.

Hapo yule mdogo, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Ipo hadi leo?" Nikamwambia iliteketea Agosti 1969, pale Muaustralia mmoja alipoutia moto msikiti, na kwamba nyingine mfano wa ile ilitengenezwa Jordan, ikawekwa mwaka 2007. Akaichukua simu ya mama yake kutafuta picha. Nyumba nzima tukaegemea bega lake kutazama, na sinema hakuna aliyeizungumza tena usiku ule.