Niko nakwenda: mwimbaji na lugha ya kwao

Mwaka jana kijana wa jirani yetu hapa Mudzipela aliniletea daftari la wimbo wake wa kwanza nimsahihishie. Anapenda reggaeton, na waimbaji wa Puerto Rico amewaiga mpaka kofia. Mstari wake mmoja ulisema «niko nakwenda». Nikaukata, nikaandika «ninakwenda», kama tunavyofundishwa.

Alipoimba akakwama. «Niko nakwenda» ni maneno mawili, silabi tano, mikazo miwili: NI-ko na-KWE-nda. «Ninakwenda» ni neno moja, silabi nne, mkazo mmoja. Mdundo wake ulikuwa ukingoja mkazo wa kwanza, nami nilikuwa nimeuondoa.

Ndipo nikaanza kufuatilia waimbaji wenyewe walipitia lugha gani. Bad Bunny alikuwa akiwafungashia wateja bidhaa katika duka kubwa huko Puerto Rico huku akiweka nyimbo zake mtandaoni. Kwao wasemaji wengi hugeuza r ya mwisho wa silabi kuwa l, na watetezi wa Kihispania sanifu huicheka. Yeye ameimba hivyohivyo. Albamu yake ya 2022, Un Verano Sin Ti, ndiyo ya kwanza ya Kihispania kitupu kuteuliwa kuwania Grammy ya albamu ya mwaka.

Karibu na kwetu njia ilikuwa nyingine. Innoss'B ni mtoto wa Goma, mji wa Kiswahili, lakini wimbo uliomvusha mipaka, Yo Pe, una jina la Kilingala: yo ni 'wewe', pe ni 'pia'. Uliporudiwa mwaka 2019, Diamond Platnumz akaleta Kiswahili cha Dar es Salaam. Simlaumu, tangu enzi za rumba, mwanamuziki wa Kongo anayetaka kusikika nchi nzima hupitia Kilingala, na Kinshasa ndiko lilikokuwa soko.

Nilipomweleza hayo, kijana akaniuliza:

— Sasa yaya, hiki Kiswahili changu kitaingilia mlango gani?

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilichukua daftari, nikafuta masahihisho yangu, nikaandika tena kwa mkono wangu: niko nakwenda. Mstari uliofuata ulikuwa na «batu» badala ya «watu». Huo sikuugusa.

Katika mtihani, hata hivyo, bado naandika ninakwenda.