Bunduki ya Komeo Iliyobadilishwa Mtutu: Risasi Inapokataa Kuingia

Wananchi wa Bwera, Mpondwe, Karambi na Kasese mjini, somo la toleo hili linahusu chuma zaidi ya sheria, ingawa sheria nayo itaingia mlangoni baadaye.

Bunduki ya komeo ni ile ambayo mpigaji huvuta na kusukuma komeo kwa mkono kwa kila risasi. Silaha za namna hii zilifika pande zote mbili za Mto Lhubiriha tangu enzi za ukoloni. Askari wa King's African Rifles walibeba Lee-Enfield. Ng'ambo, jeshi la Wabelgiji lililoitwa Force Publique lilitumia Mauser. Mwili wa bunduki hizo hudumu kwa miongo mingi, lakini mtutu huchakaa mapema zaidi. Ndipo mtu anapofikiri kuutoa na kufungia mwingine, kana kwamba anabadilisha bomba la maji.

Mtutu si bomba. Sehemu yake ya nyuma imechongwa chemba, yaani tundu ambamo risasi hulala, na komeo likifungwa huwa ukuta unaolizuia tako la risasi lisirudi nyuma. Kati ya uso wa komeo na mahali risasi inapogotea mbele pana nafasi iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa. Katika Lee-Enfield ya .303 risasi hushikwa na ukingo wa tako lake. Nafasi hiyo huanzia milimita 1.63, na kipimo cha juu kabisa cha kijeshi kilikuwa milimita 1.88. Tofauti ni robo ya milimita, unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Katika Mauser kinachogotea ni bega la ganda. Mtutu mpya ukikazwa kupita kiasi au pungufu, kipimo hicho kimepotea.

Nafasi ikiwa fupi, komeo hukataa kufunga. Hili humkera mwenye bunduki, naye huchukua nyundo au tupa. Asifanye hivyo. Kwanza, huenda kosa si la nafasi: chemba yaweza kuwa na mafuta yaliyoganda au kutu, au risasi yenyewe imebonyea. Huenda pia risasi si ya bunduki hiyo. Risasi ya rashasha ya PKM, milimita 7.62 kwa 54, ina ukingo kama ile ya .303, na macho hudanganyika kwa urahisi. Lakini ganda lake ni nene zaidi na haliingii hadi mwisho. Anayeipanua chemba ili iingie amejitengenezea bomu mbele ya uso wake. Pili, akikwangua meno ya komeo ili lifunge, anaondoa chuma ambacho hakirudi, na bunduki iliyokuwa inabana huwa sasa inalegea.

Kulegea ndiko kunakotisha zaidi, kwa kuwa hakupigi kelele. Komeo hufunga kwa ulaini, risasi huingia, na bunduki yaweza hata kulenga shabaha. Lakini mlipuko unapotokea, ganda hunyooka kujaza nafasi iliyozidi, kisha hukatika karibu na tako. Gesi yenye shinikizo zaidi ya mara 3,000 ya hewa tunayoivuta hurudi nyuma kupitia komeo, kuelekea jicho na mkono wa mpigaji. Dalili huonekana mapema kwa anayejua kutazama: ganda lililotumika lina mstari unaong'aa kulizunguka juu kidogo ya tako, au fataki yake imesukumwa nje. Na iwapo risasi inayofuata inakataa kuingia mara baada ya kupiga, yaelekea nusu ya ganda la kwanza imebaki ndani ya chemba. Wengi hudhani hapo bunduki inabana. Kinyume chake, imelegea.

Jambo jingine ni namba. Lee-Enfield iligongwa namba moja mwilini na kwenye komeo, kwa sababu meno ya komeo yalioanishwa na mwili huo mmoja. Namba zisipofanana, komeo limetoka kwa bunduki nyingine, na hapo kipimo chochote cha zamani hakiaminiki.

Kipimo cha kweli hufanywa kwa geji mbili za chuma: komeo lifunge juu ya ile ya kwanza, na likatae kufunga juu ya ile ya pili. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni. Fundi wa baiskeli au wa kulehemu, hata awe hodari namna gani, hana geji hizo, na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 haimruhusu kukarabati silaha. Mwenye cheti halali atoe risasi zote, aelekeze mtutu mahali salama, aache kuitumia bunduki hiyo na aripoti polisi kabla ya kuipeleka popote.

Najua wapo wasio na cheti wanaosoma hapa. Baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023, watu zaidi ya 40 walipouawa katika shambulio la Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, hakuna wa kumshangaa mzazi anayetamani kuwa na chochote chumbani. Wengine huwaza tembo wanaotoka Hifadhi ya Queen Elizabeth na kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Lakini bunduki kuukuu yenye mtutu wa kubandika humwumiza kwanza aliyeishika, na usiku wa msukosuko doria haiwezi kumtambua mlinzi wa nyumba na mvamizi.

Ukiwa nayo, au ukiikuta darini mwa marehemu babu, usijaribu kuifungua, usiitupe mtoni, wala usiibebe barabarani kuelekea kituoni. Waondoe watoto, funga chumba, kisha mwarifu mwenyekiti wa LC1 au Kituo cha Polisi cha Bwera au Kasese, au piga 999 ama 112 bila malipo, ili maafisa waje kuichukua wenyewe. Kama kuna maganda yaliyotumika, yaache yalipo; mstari ule unaong'aa utamwonyesha fundi wetu iwapo bunduki imelegea.