Maajabu Yawe na Bei

Ukitaka kumwandikia kijana wa miaka 16 wa Ngarenaro, jijini Arusha, riwaya ya maajabu, usianze na joka. Anza na maji.

Maji ya chemchemi na visima vingi yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi. Anayeyanywa maji hayo tangu utotoni huota meno ya kahawia, na wapo wanaoziba mdomo wakicheka mbele ya wageni. Sasa tuseme maji hayohayo yanampa mtu uwezo wa kusikia yanayosemwa upande wa pili wa mlima, na meno ndiyo yanayomfichua. Hapo una nguvu, una bei yake, una aibu pia, ambayo kijana anaijua kuliko mtu yeyote.

Mwandishi Shaaban Robert aliijua kanuni hii ya bei. Katika kitabu chake Adili na Nduguze, ndugu wawili wanageuka nyani, lakini kinachomkaba msomaji ni amri kwamba Adili awachape kila usiku. Basi kabla ya sura ya kwanza, andika daftarini sheria za ulimwengu wako: nani anaweza, lini hawezi, anapoteza nini. Usimhubirie msomaji hata moja. Azione zinavyomuumiza mtu.

Mandhari nayo ifanye kazi. Ukiwa mjini, Meru ni pia iliyotimia. Nenda Momella, upande wa mashariki, uone ubavu mzima ulivyobomoka zama za kale na kilima cha majivu kikisimama ndani ya shimo. Vijiji viwili vinavyobishana kuhusu mlima mmoja, na vyote vinasema kweli: hiyo ni riwaya tayari.

Watu wazima wapunguze. Babu akitoa jibu lote sura ya nne, kitabu kimekuwa cha babu. Ampe mjukuu nusu ya jibu, tena nusu yenye kasoro.

Na hapa sina mzaha: mwovu wako asiwe bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchini mwetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni yakahesabiwa ushahidi. Kalamu yako isiongeze kuni.

Lugha? Vijana wako waongee kama wanavyoongea stendi, ila misimu ichague kwa mkono mzito. Ya mwaka huu itachakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani.

Ukimaliza sura mbili, mpe kijana asiye ndugu yako, bila kumwambia ni zako. Usimuulize kama amezipenda, maana atasema ndiyo kwa adabu tu. Muulize sura ya tatu itakuwaje. Akianza kubuni na kubishana na wewe, endelea kuandika. Akikuna kichwa, tafuta ukurasa ambamo mhusika wako alipata kitu bila kulipa.